Funga Niliyompangia Dada Yangu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, hata ninapokuwa nimechoka kuikumbuka. Tulikuwa kijijini kwetu Busi, tumemaliza kupura ulezi, dada yangu Mwanaidi akaniita nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya watu. Alinipita miaka kumi na miwili. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, na aliacha shule ili mimi nisome. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba ana kivimbe kwenye titi, kigumu kama punje ya mbaazi, wala hakiumi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Nifanye nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya Kondoa. Kijiji kizima kiliniita Mwalimu, hata wazee, na jina lile lilikuwa limeniingia kichwani. Ukweli ni kwamba juu ya kivimbe cha titi sikujua lolote. Lakini chuoni nilisoma kwamba seli, zile chembe ndogo mno zinazoujenga mwili, hujisafisha zenyewe: hula sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya, na mwili ukiwa na njaa kazi hiyo huongezeka. Basi nikachukua hicho nilichokijua nusu, nikakifanya dawa. Ramadhani ilikuwa karibu. Nikamwambia afunge, na mwezi ukiisha aendelee, leo afunge kesho ale, na jioni ya kufungua anywe uji mwembamba tu. Njaa itaulazimisha mwili ule uchafu wake, nikasema, na kivimbe kitaliwa humo humo.

Akafunga. Angenikatalia vipi? Mimi ndiye niliyekuwa shule aliyoikosa.

Miezi ikapita. Kila nikienda Busi namkuta amepungua, nami nampongeza. Kivimbe hakikupungua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tulificha wote wawili, yeye kwa haya, mimi kwa kiburi. Nadhani kufikia hapo nilishaanza kuogopa, lakini kurudi nyuma kulitaka nikiri, na kukiri sikukuweza.

Aliyetugundua ni mjomba wetu Saidi, kaka yake mama, mzee aliyestaafu uuguzi wa zahanati. Alikuja kwenye harusi, akamwona dada akishindwa kuinua ndoo aliyokuwa akijitwisha kila siku. Hakuuliza mbele za watu. Alimtuma mkewe akazungumze naye chumbani, na asubuhi iliyofuata tulikuwa ndani ya basi la Dodoma, mjomba, dada na mimi. Kutoka Dodoma tukaendelea mpaka hospitali kubwa, Dar es Salaam.

Daktari alipomaliza kumpima alimuuliza kwa nini amekawia, na kwa nini amekonda hivyo.

"Niliogopa hospitali tu, daktari," dada akajibu. Akanitupia jicho mara moja, kisha akatazama sakafu.

Nami nikanyamaza. Nimekosea mengi, mwanangu, lakini ukimya ule ndio unaonichosha mpaka leo. Daktari akasema ni saratani, imeshafika kwapani na imekwenda mbele zaidi, watajaribu wanaloweza, ila tungekuja mapema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Tulipotoka, nikamweleza mjomba yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "'sijui' ni neno la Kiswahili kama maneno mengine. Ungemwambia 'sijui', angekwenda kwa anayejua." Kisha akaniambia kwamba swaumu ni ibada ya mja na Mola wake, na mgonjwa ameruhusiwa kula. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya dada ruhusa aliyopewa na Mungu.

Nikarudi wodini kumwomba radhi. Nililia, sioni haya kukwambia. Dada akanyoosha mkono akanifuta uso kama alivyokuwa akinifuta makamasi utotoni.

"Nilijua kwamba hujui," akasema. "Uso wako naujua tangu mdogo. Lakini nilitamani iwe kweli."

Alikaa nasi mwaka mmoja na kidogo, tukamzika Busi.

Nimestaafu sasa, naishi hapa mtaa wa Majengo. Neema, niliyemfundisha zamani, ni daktari wa wagonjwa wa saratani, na mwaka huu hatimaye nilipata moyo wa kumuuliza. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwalimu wake. Mwili ukitumia oksijeni kuchoma chakula, huzalisha chembe kali zinazojeruhi seli. Sigara na sumu nyingine huzizidisha. Mwili huzizima, na kule kujisafisha kwa seli huondoa vilivyoharibika. Majeraha yakizidi, yakagusa yale maagizo yanayoiongoza seli igawanyike lini na iache lini, saratani inaweza kuanzia hapo. Nikainua kichwa, nikidhani nimepata pa kujitetea.

"Lakini uvimbe ukishaota, mwalimu," akasema, "seli zake nazo zinajua kazi hiyo hiyo. Zikikosa chakula, hula vilivyochakaa ndani yake, zikavumilia. Njaa inaweza kumchosha mgonjwa kabla ya kuuchosha uvimbe."

Nikamuuliza kama funga yangu ndiyo iliyomuua dada. Akasema hilo hawezi kulijua, na wataalamu wenyewe bado wanalichunguza jambo hili. Analolijua ni ile miezi iliyopotea.

Siku hizi vijana wa sokoni huniletea simu zao, wanionyeshe mtu anayesema funga siku kadhaa, au meza vidonge fulani vya kusafisha mwili, saratani itakwisha. Nimechoka kubishana. Wengi wao wana nusu ya ukweli, kama niliyokuwa nayo mimi, na nusu hiyo huua kwa upole, maana inafanana na elimu.

Basi shika haya, mwanangu. Ukiona kivimbe, au kidonda kisichopona, au damu isiyo na sababu, nenda hospitali, usingoje maumivu. Ndugu yako akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha inuka umsindikize kwa anayejua. Na anayekupenda akikubebea kosa lako mbele ya watu, usimwache alibebe. Semeni wote wawili mngali hai.

Mungu akupe ulimi usioogopa kukiri na miguu isiyokawia njiani. Awape afya wale waliokulea, uwalipe wema wao kabla hujachoka kama mimi. Na usingizi wako uwe mtulivu. Amin.