Dereva Alipozima Injini

Juzi niliteremka kutoka Newala kwenda Masasi kwa pikapu, mbele tumekaa dereva, mama mmoja mtu mzima na mimi. Mteremko ulipoanza, dereva akazima injini.

"Siku hizi kila mwenye pampu ya mafuta na bei yake," akajitetea.

Tukateremka kimya, tukisikia hata majogoo wa bondeni. Kule chini dereva akashika ufunguo. Mama akamzuia mkono.

"Usiwashe kwanza, mwanangu. Marehemu mume wangu, Baba Asha, alikuwa na lori, akizima pale pale juu. Likinyamaza tu, mimi nyumbani hapa bondeni najua anakuja, nabandika maji ya ugali. Mpaka leo gari likinyamaza, naitafuta sufuria."

Dereva akauachia ufunguo. Pikapu ikajiendea mpaka ikasimama yenyewe.

Wenye magari mtasema kuzima mteremkoni ni hatari. Kweli. Mama yule ndiye mwenye kuijua: gari likinyamaza anatafuta sufuria, na wa kupikiwa hayupo.