Pua ya Dobi Yachagua Piano

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye kovu la pasi mkononi anapiga magoti mbele ya piano nyeusi inayong'aa, anaondoa ubao wa chini na kuingiza kichwa ndani. Ananusa.

"Mama, piano husikilizwa, hainuswi," anasema muuzaji wa duka hilo la ala zilizotumika.

"Shati nalo huvaliwa, halinuswi," anajibu bila kugeuka. "Lakini nisipolinusa, hurudi kwangu na matusi."

Mtaani wanamwita Mama Pasi. Ni dobi, na huu ni mwaka wake wa kumi na saba. Hupiga pasi mashati sitini kwa siku, siku sita kwa juma, katika chumba kimoja ambamo familia yake hula na kulala.

Alipoingia dukani na bintiye, muuzaji aliwaonyesha mlango wa nyuma. "Wa usafi hupitia kule, dada."

"Nimepita mbele kwa sababu nanunua," alimjibu, akaendelea kutembea.

Kilichomleta ni fomu. Mwaka jana bintiye, aliyejifunza kwenye piano ya ukumbi wa shule, aliomba nafasi katika chuo cha muziki. Swali la saba liliuliza: "Je, mwombaji ana piano nyumbani?" Waliandika "Hapana". Fomu ikarudishwa kabla mtoto hajaitwa kupiga hata noti moja. Maombi ya mwaka huu yanafungwa Jumatatu, na mwakani binti atakuwa amepita umri.

Akiba ya miaka minne, iliyowekwa kwa ajili ya mashine ya kufulia, ikabadilishwa jina. Mama mkwe wake hakumung'unya maneno: "Mwanangu, piano hailiwi."

"Hata pasi hailiwi, mama," alimwambia, "na ndiyo inayotulisha."

Sasa anatoa kichwa ndani ya ile nyeusi. "Hii ililowa. Nguo iliyokaushwa juujuu hupendeza hivi hivi. Ikunje tu, uvundo utausikia."

Muuzaji anacheka na kumwita fundi wa duka amsahihishe. Fundi anamulika tochi, anapitisha kidole kwenye nyaya za chini na kukitoa kikiwa chekundu kwa kutu.

"Nilikwambia hii iliogelea mafuriko," anamwambia muuzaji. "Wewe ukaipaka rangi."

Pembeni kuna piano ya kahawia iliyokwaruzwa, mguu mmoja umechubuka. Mama Pasi anainusa pia: vumbi kavu, basi. Binti anabonyeza vibonye themanini na vinane, kimoja baada ya kingine. Kimoja hakitoi sauti.

"Huyo bubu anatibika," anasema fundi.

Mama Pasi anataka tiba ya bubu, usafirishaji na usawazishaji wa kwanza wa sauti viwe ndani ya bei iliyobandikwa kwenye piano hiyo ya kahawia.

"Mama, unanikamua," analalamika muuzaji.

"Nguo isiyokamuliwa haikauki."

Muuzaji anasalimu amri. Fundi anatoa onyo moja: piano isikae karibu na mvuke. Binti anamtazama mamaye, kwani nyumba yao yote ni mvuke.

"Basi mvuke utatoka nje," anasema Mama Pasi. "Nitapigia pasi barazani, jua liwake au mvua inyeshe. Piano ndiyo yenye chumba. Mashati ya watu ni wageni."

Hapo anafungua mkoba, anaitoa fomu ya mwaka huu na kumwomba muuzaji kalamu. Mpango wake ni kuipeleka mwenyewe Jumatatu asubuhi na kusimama dirishani hadi igongwe muhuri.

Muuzaji anachungulia swali la saba. "Lakini piano bado haijafika kwako."

"Piano inafika kesho, fomu inafika Jumatatu."

Anaandika polepole, kwa herufi kubwa zilizonyooka: ANAYO. Kisha anaikunja fomu, anaubana mkunjo kwa kucha kama ukosi wa shati, na kumkabidhi bintiye.

"Sasa watafute sababu nyingine."