Kishona Nguo Kwenye Shela la Watu

Mnaoniona hapa nimejitanda na kujiheshimu, jueni kuna kichochoro kimoja pale Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo huku Guangzhou, nikipita mafundi wananyamaza kwanza, halafu wanacheka mpaka wanashika meza, na wana haki. Bora niwasimulie mwenyewe kabla shoga yangu Zuhura hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu, kuchukua shela la bibi harusi wa Tanga kwa laoban wangu (ndivyo tunavyowaita huku wenye viwanda, awe mwanamke au mwanamume, wangu mwanamke). Shela jeupe, satini ndani na neti juu, mkia wa kufagia ukumbi mzima. Zuhura alikuwa anapanda ndege jioni ile ile, harusi Jumamosi, msafiri mwingine hakuna. Shela likikosa ndege ile, mtoto wa watu anaolewa kavaa dera.

Basi nikawahi, na kuwahi ndiko kulikoniponza. Ningechelewa ningepita njia kuu, lakini nina nusu saa ya kuchezea, nikakata nyuma ya majengo, na pale kwenye kiwanja kidogo kati ya kuta mbili nikaona mnavu. Mnavu jamani! Mwaka wa nane huu niko Guangzhou nakula mboga ambazo hata majina siyajui, kumbe mnavu upo, na mchicha pori, na tako la hasani limetambaa chini nene limejaa maji (msicheke, ndilo jina lake, sikulitunga mimi). Nikajiambia nichume kiganja kimoja tu. Kiganja kikawa mfuko wa rambo umejaa pomoni, kwa sababu mtu wa Muheza haupiti mnavu ukabaki umesimama, na kila nikisogea ndani uliofuata ulikuwa mzuri zaidi. Kwamba baibui langu lilikuwa linapita katikati ya kishona nguo, ule mmea wa maua meupe na vijiti vyeusi vya kunata, sikuwaza kabisa. Baibui jeusi, vijiti vyeusi, ungeviona wapi?

Nafika kiwandani, laoban ananiita, "Pengyou, njoo uone!" Pengyou ni rafiki. Nikaona. Shela lilikuwa zuri mpaka nikasahau umri wangu, nikalikumbatia, nikajipima mbele ya kioo, nikazunguka, mkia nikaupitisha mapajani na kuuzungusha kiunoni kama mimi ndiye ninayeolewa. Nilipolirudisha laoban akatoa "Aiya!" moja ndefu. Neti yote ilikuwa vijiti vyeusi, juu mpaka chini, na kila kijiti kimeuma.

Nikaanza kuvuta. Nikivuta kijiti, neti nayo inakuja. Laoban akanidaka mkono, vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja, na katika kimya kile akaingia bibi mmoja mfupi, kisu cha bustani mkononi, anafoka. Huyu ni mama mkwe wa laoban, walikuja wote kutoka jimbo la Hubei. Kichina changu ni cha sokoni, lakini "mboga" naijua na "mwizi" naijua, na kiwanda kizima, watu kama thelathini, wakageuka kuutazama mfuko wangu wa rambo, majani yanachungulia.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilitaka kujitetea kwamba nilidhani ni nyasi tu, hazina mwenyewe. Nyasi kwa Kichina ni cao. Lakini lugha ya wenzetu si kama yetu, ambako neno upandishe sauti ushushe ni lile lile. Hilo ukilizamisha kisha ukalinyanyua ni nyasi, na ukilitupa chini kwa nguvu ni tusi la nguoni, ambalo hata manamba wa stendi huangalia kwanza nani yuko karibu. Mimi kwa woga nililitupa chini. "Bibi, cao! Cao!" Kidole nimemnyooshea. Akanikodolea macho, nami nikaona labda hajasikia, masikio ya uzee, nikamsogelea nikapaza sauti: "Cao!"

Mpiga pasi alisahau pasi juu ya kitambaa mpaka tukasikia harufu. Laoban alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Bibi akaniangalia mimi, akaangalia mfuko, akaangalia shela, akaelewa yote. Akanyanyua mkono, akaushusha kama unaingia bondeni, akaupandisha, akatamka taratibu, "Caao." Akanisubiri nirudie kama mtoto wa madrasa. Nilirudia mara nne mbele ya watu wote wale, na ya nne akatikisa kichwa kukubali, kiwanda kikaangua kicheko ambacho mpaka leo nakisikia.

Kisha akakaa chini akalipakata shela, na hapo ndugu zangu ndipo nilipoacha kuona aibu nikabaki mdomo wazi. Alipitisha kidole ndani ya neti, akakishika kijiti kichwani, na badala ya kukivuta kirudi kilikoingilia akakisukuma mbele, kule kilikokuwa kinakwenda. Kikatoka laini, neti haikujua. Akatuita wote. Tukazunguka shela, mafundi, laoban, mpiga pasi, tukisukuma vijiti mbele. Na mimi kwa pupa nikajichoma na pini ya fundi, damu ikajaa kwenye ncha ya kidole, chini yangu satini nyeupe! Kabla tone halijaanguka bibi alikwisha kunidaka mkono, kachomoa jani la kishona nguo lililojichanganya kwenye mfuko wangu, kalitafuna, kalibandika. Damu ikakata. Jani la mmea ule ule ulionitia aibu, wallahi, nilimtazama yule mwanamke kama nimeona muujiza.

Saa tisa shela lilikuwa kwenye begi la Zuhura, halina hata uzi uliotoka, na Jumamosi mtoto wa watu aliolewa nalo.

Mimi sasa, bibi hakuniachia niondoke. Alimwaga mboga juu ya meza ya kukatia, akatoa vitunda vibichi vya mnavu kimoja kimoja, akashika tumbo na kukunja uso ili nijue vinadhuru (kwetu nasi huvitupa, nani aliwaambia hawa?). Mnavu akaupika supu kwa mafuta ya karanga na kitunguu saumu. Tako la hasani akalitumbukiza maji ya moto, akalinyunyizia siki. Lingine, akanionyesha, hukausha juani kwa ajili ya tumbo la kuhara. Kishona nguo akachemsha, chai ya koo. Akanipeleka kiwanjani, na safari hii nikaona: mnavu ulikuwa umepandwa kwa mistari, kila mstari una kipande cha mabaki ya kitambaa kimefungwa kwenye kijiti, na kishona nguo umezunguka pembeni. Ule ndio ua wake. Hauzuii mwizi, lakini unamtaja.

Nilipokula ile supu nililia, wakadhani imeniunguza. Haikuniunguza. Mwaka jana nilikwenda Muheza nikamkuta mama yangu uani katikati ya mnavu na mchicha pori, nikaona aibu, wageni watasemaje mtoto yuko China na uwanja umejaa magugu. Nikaita mafundi, wakang'oa vyote, wakatandaza pevingi ukuta hadi ukuta. Mama alisema, "Ahsante mwanangu, pamekuwa pasafi." Halafu akaenda kukaa ndani.

Kwa hiyo nimeapa. Lile neno silitamki tena, nikitaka kusema nyasi naonyesha kwa kidole. Jani la mtu silichumi bila hodi. Na nikifika nyumbani, kabla sijafungua begi, naomba sururu.