Kinu Kilichosingiziwa

Hadithi niliyopewa nikiwa mdogo ilikuwa fupi. Nilipokuwa na miaka miwili nilipanda juu ya kinu cha mama, nikaanguka kifudifudi, na jino langu la chonge la juu kushoto likang'oka, lisiote tena. Kinu chenyewe bado kipo nyumbani, kijijini nje ya mji wa Handeni. Kimepasuka mdomo na kuku hunywa maji ya mvua ndani yake. Kila nilipokwenda kumsalimia mama nilikipita pale mlangoni kama mtu anavyompita jirani aliyemkosea zamani na mambo yakaisha.

Kwa sababu ya pengo hilo nilizoea kucheka mkono ukiwa mdomoni. Picha zangu zote, za shule, za vitambulisho na za harusi, nimefumba midomo. Mke wangu husema nikicheka nafanana na mtu anayezuia chafya.

Hata hivyo, siku nilipokwenda kwa daktari wa meno sikwenda kwa ajili ya pengo. Gego la chini lilikuwa limeniuma siku tatu, na sisi watu wa huku hatuendi kwa daktari wa meno mpaka jino lenyewe litutume. Ninaishi Kilole, hapa Korogwe mjini, na kliniki niliyoelekezwa ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Benchi la wagonjwa lilitenganishwa na kiti cha daktari kwa pazia tu, kwa hiyo tuliokuwa tukisubiri tulisikia shida za wenzetu zote. Ndani alikuwa binti mmoja.

"Daktari, mimi siumwi," alisema. "Nataka mwanya."

"Mwanya gani?"

"Hapa katikati. Mdogo tu. Rafiki yangu kachongewa."

"Kachongewa na nani?"

"Fundi mmoja."

"Kwa tupa?"

"Ndogo."

"Huyo rafiki yako, ukimpa maji ya baridi anayanywa?"

"Anasema yanamchoma."

"Umeona sasa. Mwanya ni wa kuzaliwa nao, mdogo wangu. Huo wa tupa ni kidonda. Wewe nenda nyumbani, ila yeye mlete nimwone."

Mzee aliyekaa karibu yangu, mwenye kofia ya kufuma na shavu lililovimba, aliniinamia. "Mimi ninayo mianya saba," alisema. "Angeniambia mapema ningemgawia."

Nilicheka, mkono mdomoni, na gego likanikumbusha lilipo.

Daktari alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hisabati. Alichungulia gego akasema lina tundu lakini mzizi wake ni mzima, atalisafisha na kuliziba. Alinichoma ganzi. Wakati tukingoja shavu life, kioo chake kidogo kiliendelea kuzunguka kinywani mwangu.

"Hili la juu kushoto lilikwenda wapi, kaka?"

Nilimweleza habari ya kinu.

"Na hili la kulia?" Upande wa kulia ninalo jino la chonge dogo, limepinda na lina shimo la rangi ya kahawia.

"Lilitoka hivyo hivyo."

"Na za chini?"

"Za chini zipi?"

Alinipa kioo cha mkononi, akaniambia nihesabu kuanzia katikati. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, kazi yangu ya ukaguzi miaka yote imekuwa kutazama vitu, kuuliza habari zake na kuviandika kwa mpangilio, na sikuwahi kujua kwamba chini sina chonge hata moja. Meno ya jirani yalikuwa yamesogea yakafunika nafasi.

"Hicho kinu chenu kina akili," daktari alisema. "Mtoto wa miaka miwili akianguka kifudifudi anaumia meno ya mbele. Yako ya mbele yote yapo. Kinu kimeyaruka, kikaenda kuchagua chonge nne, juu na chini, kushoto na kulia." Aliweka kioo chake kwenye sinia. "Ulipokuwa mchanga uling'olewa meno ya plastiki?"

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia, kama kila aliyekulia kwetu. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, wapo watakaomfungua kinywa na kutafuta uvimbe mweupe kwenye fizi, pale zitakapoota chonge. Wanasema hayo ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua. Huitwa mtu ajuaye kuyatoa, na huyo huchana fizi kwa njiti ya baiskeli iliyonolewa, akachimbua vitu vidogo vyeupe, laini, akamwonyesha mama. Mama akiviona huamini, maana kweli vinafanana na plastiki.

"Vile vitu ni meno yenyewe ya mtoto, hayajakomaa," daktari alisema. "Na chini yake ndipo linapoanza jino la ukubwani, kwa hiyo anayechimba anaharibu yote mawili. Homa ilikuwa ya kitu kingine kabisa. Wengine homa inapona yenyewe, basi plastiki inapata sifa. Wengine wanaletwa hospitali fizi zimeoza. Wengine hawaletwi."

Baada ya kuziba gego alinieleza ninachoweza kufanya kwa lile pengo la juu. Kuna daraja, lakini ingebidi asage meno mawili mazima ya pembeni ili yashikilie la katikati, na yeye hapendi kusaga meno mazima kwa ajili ya picha. Alinishauri nianze na jino la kuvaa na kuvua.

"Linatengenezwa kwa nini?" niliuliza.

Aligeuka pembeni kidogo. "Kwa plastiki. Unisamehe, kaka, ndiyo hali halisi."

Nilipokuwa nikisimama aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nilisema yupo.

"Basi usiende kumgombeza. Wanawake wanaoleta hapa watoto waliochimbwa fizi, sijaona hata mmoja asiyempenda mtoto wake."

Nilikusudia kunyamaza. Mama alikuwa na miaka zaidi ya sabini, kinu kilikuwa kimekubali lawama miaka arobaini, sikuona faida ya kukitetea. Wiki mbili baadaye dada yangu alinipigia simu. Huyu ni kitinda mimba wetu, anaishi na mama, na mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi mitano.

"Kaka, mtoto ana homa tangu juzi. Na anaharisha."

"Mmempeleka zahanati?"

"Mama kamfungua mdomo. Kasema kaona weupe." Alishusha sauti. "Yule bibi wa kutoa plastiki anakuja kesho saa nne."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nisemeje? Nikikataa na mtoto akatutoka, nitakaa na nani nyumba hii?"

Nilimwambia aendelee kumnyonyesha na mtu asimguse fizi mpaka nifike.

Nilipanda basi la kwanza la Handeni, kisha bodaboda, na saa tatu kasoro nikawa uani kwetu. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye hoja tano, nimezipanga kwa namba. Mama alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Dada alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, amelegea, macho nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kutusaidia au umekuja kutuhutubia?"

Nilitoa hoja ya kwanza, kwamba yale si plastiki bali ni meno. Aliisikiliza yote huku akichambua.

"Wewe uliumwa hivyo hivyo," alisema. "Ulipona au hukupona?"

"Nilipona."

"Basi kaa chini, chai ipo."

Karatasi yangu ilikuwa na hoja nyingine nne, na hakuna hata moja iliyojibu hiyo. Nilikaa. Kuku mmoja alikuwa juu ya mdomo wa kinu anakunywa.

"Mama," nilisema, "mimi nilianguka kwenye kinu?"

Vidole vyake vilisimama ndani ya kunde. Dada alinitazama mimi, akamtazama mama. Yeye pia alikulia na hadithi ile ile.

Mama alipoanza kusema alisema kwa Kizigua, lugha anayoitumia mambo yakimgusa sana, na aliusemesha ungo, si mimi. Kabla yangu kulikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Hilo nililijua kwa juu juu. Nisilolijua ni kwamba alipoumwa, wanawake waliokuwa wakichota maji pamoja naye walimwambia ni plastiki, awahi. Baba alikataa. Siku ya nne mtoto alifariki, na waliokuja msibani walisema kwa sauti ya kusikika kwamba mama amechelewa. Nilipozaliwa mimi, nikapata homa nikiwa na miezi sita, hakumwuliza mtu. Alinibeba mgongoni akanipeleka mwenyewe kwa mtoaji wa plastiki. Alisema damu ilipita kwenye kanga ikamfikia mgongoni.

"Ulipofika miaka miwili nikangoja chonge zitoke," alisema. "Hazikutoka. Nikajipa moyo, zitakuja za ukubwani. Darasa la tano, la sita, nakuangalia ukila. Nikajua."

"Ulijua?"

"Mimi si mjinga. Ingekuwa plastiki, ingetoka na jino lingeota. Ningekuambia nini mwanangu? Nikasema kinu."

Dada alifuta jasho la mtoto kwa ncha ya kanga. Nilitaka kuuliza kama alijua, kwa nini basi alimwita yule bibi. Mama hakunipa nafasi.

"Kama haikuwa plastiki," alisema, sasa kwa Kiswahili, akinitazama, "yule wa kwanza nilimuua kwa kitu gani?"

"Hukumuua."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza alikufa na nini."

Ile karatasi niliiacha mfukoni. Nilichokuwa nacho ni kazi ninayoijua, kuuliza jambo moja baada ya jingine.

"Aliharisha?"

"Sana."

"Macho yaliingia ndani?"

"Yaliingia. Na utosi ulibonyea."

"Mlimpa maji?"

"Tuliambiwa maji yanaongeza."

"Nani aliwaambia?"

"Watu wote walisema hivyo."

"Zahanati ilikuwa wapi wakati huo?"

"Mbali. Kutwa nzima kwa miguu, tena ilikuwa masika."

"Kulikuwa na gari?"

"Gari la nani?"

"Baba angeweza kufika?"

Alirudisha vidole kwenye kunde. "Asingeweza," alisema. Nadhani alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa ajili ya baba.

"Na leo, mama, zahanati iko wapi?"

Aliinua kidevu kuelekea barabarani. Kutoka barazani bati lake jekundu linaonekana. Mtoto alilia kidogo, kilio kikavu kisicho na machozi, na mama akaupeleka ungo kando.

Hapo ndipo yule bibi alipoingia uani, kabla ya saa yake. Ni jirani yetu, ndiye aliyempokea dada yangu siku aliyozaliwa, na kazi hii aliirithi kwa mama yake. Alikuwa na kimfuko cha kitambaa kwapani. Tulimwamkia, naye akamwamkia mama, maana mama amemzidi umri. Akaketi kwenye mkeka, akaosha mikono kwenye kopo aliloletewa.

"Haya, mjukuu wangu," alisema, akinyoosha kidole kwenye midomo ya mtoto. "Hebu nione hao wageni."

Mama aliinama akaweka kiganja chake juu ya kinywa cha mtoto. Alikiweka taratibu, vidole vimeachana ili apumue, kama anayemfukuzia nzi.

"Leo hatutakusumbua," alisema. "Mjomba wake amekuja kutoka Korogwe. Anampeleka zahanati."

"Wakiangalia fizi hawataona kitu, dada. Unawajua."

"Najua."

"Ulishachelewa mara moja."

Dada yangu aliacha kufuta jasho. Kiganja cha mama hakikutoka.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo maana tunakwenda sasa hivi. Chai ipo, unywe, usiondoke hivi hivi."

Bibi alikunywa chai. Sisi tulitoka, mama akiwa mbele na mtoto mgongoni mwake, amekataa kumwachia dada. Zahanati walimchoma mtoto kidole na kipimo kikaonyesha malaria. Walimpa dawa mseto, na ya kuharisha wakampa ya unga, ya kuchanganya na maji. Mama alimnywesha mwenyewe kwa kijiko, palepale kwenye benchi, akihesabu vijiko kwa midomo. Nesi alipomwambia sasa inatosha kidogo, apumzike, alisema yeye hajachoka.

Homa ilishuka siku ya pili. Nilirudi Korogwe bila kuzitoa hoja zilizobaki.

Jino langu la kuvaa lilipokuwa tayari nilikwenda nalo Handeni. Mama alilitazama likiwa kinywani, akaniambia nilivue. Alilishika kiganjani, akalipindua, akalipeleka kwenye mwanga. "Limefanana," alisema, akanirudishia. "Livae." Hatukulizungumza tena. Kinu bado kipo mlangoni, na siku hizi nikikipita ninakitazama.

Mwezi uliopita alinipigia simu mchana, jambo asilolizoea kwa sababu husema salio ni la shida. Mtoto sasa ana mwaka na miezi saba. Mama alisema amemfungua kinywa kwa tochi, akaona jino la chonge la juu kushoto limechomoza, na la kulia fizi imepanda. Za chini bado. Aliniambia nimuulize yule daktari kama ni kawaida za chini kuchelewa.

Nilikwenda nikamuuliza. Alisema ni kawaida, zinafuata. Nilimpigia mama nikamwambia, naye akauliza, "Kasema zinafuata?" Nikasema ndiyo. Akaniomba nirudie.