Tela Lililoyumba Njia ya Nzega

Dada yangu alikuwa ameshaamua, kabla ya mtu yeyote kulitazama tela, kwamba tatizo ni mikono yangu. Alilisema tukiwa bado tumesimama pembeni mwa barabara ya Nzega, vumbi halijatulia, mimi nimeegemea mlango wa gari.

"Mdogo wangu, mikono yako siku hizi haitulii," alisema. "Ungeushika usukani kama zamani, hili tela lisingecheza ngoma."

Nilimjibu kwa ukali ambao sikuwahi kumjibu nao tangu anilee. Nilimwambia yeye apike, mambo ya barabara aniachie mimi. Akajifunika mtandio, akaniachia mimi na ukali wangu.

Dada ni mpishi wa shughuli. Hapa Tabora mjini, harusi au hitima ya watu wengi ikitajwa, wenye shughuli humfuata yeye kwanza, kama walivyomfuata mama yetu kabla yake. Mimi ndiye dereva wake tangu nilipoacha malori. Miaka mingi tulikodi kirikuu za watu, vile vigari vidogo vya mizigo. Mwaka juzi tukanunua pikapu na tela, boksi refu la bati lenye tairi mbili na mlango mmoja nyuma, tukaanza kukubali shughuli za mbali: Kigwa, Puge, hata Choma kule Igunga. Watoto wangu wameshahama, mke wangu ni marehemu. Kazi ile ya kumpeleka dada na sufuria zake ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani asubuhi. Kwa hiyo alipoongeza, siku ile ile, kwamba tela likicheza tena kwenye harusi ya Puge iliyokuwa mbele yetu atatafuta dereva mwingine, nilihisi kama mtu aliyeambiwa ahame nyumba. Na alilisema kwa upole. Upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

Sasa nieleze lilivyokuwa likicheza, maana mimi mwenyewe nilikuwa silielewi. Mpaka mwendo wa hamsini lilikuwa likifuata vizuri tu. Tukigusa sitini, hasa kwenye mteremko, nilihisi makalio ya gari yanavutwa kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena kwa nguvu zaidi. Nikitazama kioo cha kulia nililiona tela lote, nikitazama cha kushoto nalo liko huko. Dada alipiga kelele, "Shika breki!" Nami nilishika breki, na hapo ndipo lilipopandwa na wazimu kabisa.

Wakati wa kurudi, jioni ile ile, lilitufuata kimya kimya mpaka nyumbani. Nilijaribu sitini. Nilijaribu sabini. Kimya. Barabara ile ile, gari lile lile, dereva yule yule, mikono ile ile. Nilimwambia dada hivyo, nikidhani nimeshinda kesi. Akasema wakati wa kurudi huwa naendesha vizuri kwa sababu nimeshiba.

Niliuliza watu, na hilo lilikuwa kosa. Barazani kwetu hakuna asiyejua magari. Mmoja alisema upepo. Mwingine alisema tairi moja imekula upande. Mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, alisema pale tunapoyumba ndipo ilipokatiza njia ya zamani ya misafara, na kwamba wapagazi wengi walikufa pale na mizigo yao, wakafukiwa bila hata kusaliwa. Akasema nikasome Fatiha pale. Nilicheka mbele za watu. Siku tuliyokwenda kwenye shughuli nyingine njia hiyo hiyo, nilipunguza mwendo pale aliponielekeza, nikasoma Fatiha kimoyomoyo, na tela likapita pale limetulia kama mbuzi aliyeshiba. Lilianza kucheza kilomita mbili mbele. Nikabaki sijui nisome tena au nishuke nilipige teke.

Basi nikaenda kwa fundi. Ni mtu wa makamo, Msukuma, ana gereji ya uwazi karibu na stesheni, na huwa haanzi kazi kabla hamjaamkiana vizuri. "Mwangaluka, mzee." "Mwangaluka." Habari za nyumbani, habari za mifugo ambayo mimi sina. Halafu ndipo analitazama gari. Alizungusha tairi, akabadilisha beringi, akapima upepo, akakaza ndoano inayoshikana na gari. Tukatoka naye mpaka nje ya mji na kurudi. Tela kimya.

Safari iliyofuata likacheza. Nikarudi kwake. Akatazama tena, akabadilisha ndoano yenyewe. Tukatoka naye. Kimya. Mara ya tatu hakulala chini ya tela. Alijifuta mikono kwa kitambaa akanitazama kama watu wanavyomtazama mzee anayesimulia jambo lile lile kwa mara ya pili.

"Mzee wangu," alisema, "hili tela halina kitu."

Nilirudi nyumbani na hofu, na sioni aibu kusema hivyo. Kama tela halina kitu, basi aliye na kitu ni mimi. Asubuhi baada ya swala nilisimama mbele ya kioo, nikainyosha mikono yote miwili, nikaitazama. Ilionekana imetulia. Halafu ikaonekana haijatulia. Nikaishusha, nikainyosha tena. Ukikitazama kitu muda mrefu hivyo huwezi tena kujua kinachotikisika ni kipi, mkono au jicho. Nikavaa shati nikaenda kunywa chai kwa jirani.

Siku moja kabla ya harusi ya Puge, fundi alipita nyumbani kufuata jeki yake niliyokuwa nimeondoka nayo. Alitukuta uani tunamaliza kupakia. Nikisema tunapakia, nina maana dada anapakia na mimi nabeba. Ana utaratibu wake, wa mama, na ndio wa wapishi wote wa shughuli ninaowajua mjini hapa: kitakachohitajika kwanza kule uendako, kiingie mwisho. Kwa hiyo viti vya plastiki, mikeka na turubai huingia kwanza, huko mbele kabisa. Halafu sahani na bilauri. Mwisho, mlangoni, mchele, mafiga ya chuma, sufuria kubwa, na mapipa mawili ya maji, maana dada hapiki pilau kwa maji asiyoyajua. Ukifika unafungua mlango, unawasha moto. Wageni hawakuti mpishi anatafuta kiberiti.

Fundi alimwamkia dada shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasimama akitazama mapipa yale mlangoni.

"Mama, huwa mnapakia hivi kila siku?"

"Tangu enzi za marehemu mama."

Akanigeukia. "Na kwangu ulikuwa unaniletea likiwa tupu."

"Sasa ulitaka nikuletee na masizi ya sufuria?" nilimjibu. "Nililiosha kila mara. Mtu hapelekewi kitu kichafu."

Alianza kucheka, akaacha. Alituomba tusogee. Akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua ndoano, akaachia. Pua ya tela iliruka juu yenyewe, ikapita jirani na kidevu changu, na mkia ukagonga chini kwa kishindo. Huko ndani sahani zote zililia. Dada naye alilia, "Sahani zangu!"

Fundi hakuwa na haraka. Alisema pua ya tela inatakiwa ikae juu ya gari kwa uzito, na hili letu lilikuwa likilinyanyua gari badala ya kulikalia. Uzito wote uko mkiani, alisema, na mkia mzito ukishaanza kwenda kushoto hakuna wa kuuzuia, unakwenda na unarudi na mzigo wake. Mapipa na mchele vikae juu ya tairi na mbele yake kidogo. Vyepesi ndivyo viende nyuma. Wakati wa kurudi maji yamekwisha na mchele umeliwa, ndiyo maana lilikuwa linatulia. "Na likianza kucheza usiguse breki," aliongeza. "Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulivyo, liache lichoke lenyewe."

Nilijisikia mwepesi, nikataka kumkumbatia. Tulishusha kila kitu tukapakia upya, na kwa saa nzima dada alikuwa akinung'unika kwamba atafika Puge aanze kushusha viti kama mwenye duka la samani, huku moto haujawashwa.

Kesho yake tukaenda. Sitini, likatulia. Sabini, kwenye mteremko ule ule, likatulia. Nilipotazama vioo sikuliona tela upande wowote zaidi ya ukingo wake mwembamba, mahali pake. Niliimba, mimi ambaye siimbi.

"Umeona?" nikamwambia dada.

"Nimeona," alisema, na akatazama nje.

Puge tulishusha viti kweli, na moto ulichelewa, na dada alimfokea kila aliyemkaribia. Mimi kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilikaa kwenye kiti kimoja kando ya baba wa bibi harusi, nikaletewa chai, nikaanza kumweleza habari za uzito na mkia wa tela kana kwamba niliivumbua mimi elimu hiyo. Alikuwa akinisikiliza, halafu nikaona hanitazami usoni tena. Ndipo nilipohisi moto kwenye paja. Chai ilikuwa imejaa kwenye kisahani na ilikuwa ikimwagika kwenye suruali, na kikombe kilikuwa kikigonga kisahani taratibu, taka, taka, taka. Hapakuwa na usukani wala tela. Gari lilikuwa limezimwa saa nzima.

Dada alikuja kutoka motoni, mikono yake inanuka vitunguu. Alinipokonya kikombe akakiweka chini, akanishika kifundo cha mkono wa kulia kwa nguvu. Nao ukaendelea kutetemeka humo humo ndani ya mkono wake. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu mfungo uliopita."

"Sasa wakati tela linacheza, ilikuwa ni tela au ni mimi?"

"Sijui," alisema. "Kila ulipolipeleka kwa fundi nilikuwa namwomba Mungu likutwe bovu."

Alinyosha kiganja. Mimi nilidhani anataka kuniinua, nikampa mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa, na ndipo nilipoelewa, nikatoa ufunguo wa gari mfukoni. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake, akalikaza fundo kwa meno, akarudi kwenye sufuria zake, na mimi nikabaki pale kwenye kiti, suruali imelowa, sijui nani atakayeturudisha Tabora.