Kikao cha Behewa la Nyuma

Kaa vizuri, ndugu msikilizaji, nikueleze jinsi nauli inavyopanda, maana wengi hudhani wanajua. Haipandi kwa kelele. Karatasi mpya hubandikwa kwenye dirisha la tikiti, juu ya ile ya zamani, na karani aliye ndani huanza kutazama chini. Ukiona karani anayekujua anatazama chini, shika mfuko wako.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Nililala Karatina na kufanya kazi Kiganjo, kwa fundi aliyeshona sare za shule. Asubuhi nilipanda gari la moshi la kwenda Nanyuki, jioni nikarudi na lile linaloteremka. Nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga. Mchana alishinda na mama yangu, usiku akanyonya. Nauli ilipopanda mara ya kwanza nilivumilia. Ilipopanda tena, chumba cha kupanga Kiganjo kikawa rahisi kuliko tikiti, na mimi nikawa karibu kuhamia huko, niwe mtu wa kumwona mwanawe Jumapili kwa Jumapili. Kuacha kazi nisingeweza, kwa sababu ndiyo iliyomlisha yeye na nyanya yake.

Behewa letu la nyuma lilikuwa na watu walewale kila siku: mwalimu mmoja, mama muuza viazi, mzee wa kanisa aliyelinda ghala, na vibarua kadhaa. Asubuhi moja mwalimu alisema tuache kunung'unika, tuunde kamati. Hapo nikufafanulie. Kwetu watu wakikasirika pamoja hawarushi mawe kwanza. Huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sisi tulimaliza uchaguzi kabla ya stesheni iliyofuata. Mwalimu akawa mwenyekiti. Mama wa viazi akawa mweka hazina, na ingawa hazina haikuwepo, alipigiwa makofi.

Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji.

"Wewe uko na mtoto," mama wa viazi alinieleza. "Ukimwambia stesheni masta, atasikia uchungu. Hata ukilia kidogo si mbaya."

Mpango ulikuwa mzuri. Tungeshuka Kiganjo sote, twende ofisini kwa stesheni masta, niseme, kisha kila mtu akimbilie kazini. Nilipanga maneno yangu vizuri njia nzima. Tulipokaribia, mwenyekiti akasema haifai kumwendea mkubwa bila maombi. Mzee wa kanisa akasimama, akavua kofia, nasi tukafumba macho.

Aliombea mvua. Aliombea kahawa na ng'ombe, serikali changa, na wafanyakazi wa reli, kila mmoja kwa kazi yake. Alikuwa bado hajafikia nauli gari liliposimama. Nilisikia likisimama. Nilimsikia mtu nje akiita Kiganjo. Lakini mtu aliyelelewa vizuri hafumbui macho maombi yakiendelea, wala hainuki, na kila mmoja wetu alingoja mwingine akosee kwanza. Mzee, kwa kusikia kelele zimezidi, alipaza sauti. Gari likapiga honi, likaondoka.

"Amina," tukasema, Kiganjo ikiwa nyuma yetu.

Mama wa viazi ndiye aliyechungulia dirishani. "Mzee, ati unatuombea mpaka Nanyuki?"

"Mimi nilikuwa nimefumba macho."

"Sisi je? Na wewe mwenyekiti, masikio pia yalikuwa yamefumbwa?"

"Nilisikia," mwalimu alisema. "Lakini mwenyekiti atatoka katikati ya maombi namna gani?"

Kisha akaja mkaguzi wa tikiti, akaona zetu zimeishia Kiganjo.

"Mnaenda wapi?"

"Kulalamika juu ya nauli," mwenyekiti alisema.

"Basi lipeni ya ziada mpaka Naro Moru, mkalalamike huko."

Tulilipa kwa bei mpya. Mama wa viazi alizunguka akikusanya, na hapo kazi ya mweka hazina ikaonekana.

Stesheni masta wa Naro Moru alitupokea vizuri. Alitupa benchi, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza habari za mtoto, chumba na Jumapili. Sikulia, ingawa mama wa viazi alinikanyaga mguu kunikumbusha.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Lakini mimi ile karatasi naletewa tu. Hata yenyewe inakuja na gari la moshi."

Tukashukuru, tukaondoka. Lori la kabeji lilituteremsha Kiganjo baada ya chakula cha mchana. Fundi, mzee Mwislamu kutoka Nanyuki, alikuwa ameinamia kitambaa, mkasi mkononi.

"Leo jua limekuchomozea wapi?"

Nilitafuta uongo wa kutosha, nikaukosa. Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Aliombea nini muda wote huo?"

Nikamtajia: mvua, kahawa, ng'ombe. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali kwamba hayo yote yanahitaji kuombewa. Nilipoona bado ananisikiliza, nikagundua kwamba maneno niliyoyapanga njia nzima nilikuwa nimempelekea mtu asiyeweza kunisaidia.

"Mzee, matundu ya vifungo na pindo nashona kwa mkono," nilisema. "Hiyo haihitaji cherehani yako. Nipe mzigo Jumatatu, niurudishe Alhamisi. Nauli imenishinda, na niko na mtoto ananyonya."

"Shati likipotea?"

"Unikate mshahara."

"Na kama gari halingekupitisha leo, haya ungeniambia lini?"

"Sijui, Mzee."

Alikata uzi, akafunga mashati kwenye shuka, akanisukumia. Jioni ile nilirudi Karatina nikiwa nimeubeba mzigo huo, na tangu hapo nikawa napanda gari siku mbili tu kwa wiki. Mwanangu alinyonya mpaka akaacha mwenyewe. Nauli iliendelea kupanda. Kamati nayo iliendelea kukutana.

Kwa hiyo, nauli ikikushinda, usianze kutafuta chumba. Kesho asubuhi, kabla kazi haijaanza, mwendee tajiri wako umwambie ni kazi gani unaweza kuifanyia nyumbani. Taja kazi kwanza, shida baadaye.