Nguzo ya Lango Mugeta

Juzi nilikuwa Bunda mjini, duka la vifaa vya ujenzi, nasubiri misumari. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alikuwa anajaribu bawaba za geti, anazifungua na kuzifunga kama anayekagua meno ya mbuzi mnadani.

"Za wapi, mama?" muuzaji akauliza.

"Za mji wangu mpya, boma langu mwenyewe kule Mugeta. Nimepata ekari tatu."

Mzee aliyekalia mfuko wa saruji akaguna. "Mwanamke hafunguagi mji, mwanangu. Nguzo ya lango anachimbiaga mwanaume. La sivyo mifugo inakufa."

Mama akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nguzo nimechimbia mwenyewe. Mbuzi wanapita hapo hapo, na jana mmoja kazaa mapacha."

Tukacheka. Mzee hakucheka. "Na mgeni akija, atapiga hodi kwa nani?"

"Kwangu. Na wewe baba ukija, piga kwa nguvu. Nitakuwa shambani."

Akafunga bawaba zake kwenye khanga, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wanaume tulioruhusiwa na mila kufungua mji tulijaa dukani humo. Aliyenunua bawaba ni yeye peke yake.